Barua ya Wazi kuhusu Kambi ya Lichterfelde na Majalada Yetu Yaliyomo Ndani Yake

Kwa Waheshimiwa wasimamizi wa Bundesarchiv, Hifadhi ya Nyaraka ya Shirikisho la Ujerumani, Berlin;
na kwa Waheshimiwa viongozi wa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Tanzania.

Waheshimiwa,

Anwani ya Finckensteinallee 63, katika mtaa wa Lichterfelde kusini-magharibi mwa Berlin, ni anwani ambayo Mtanzania anayeifuatilia historia ya Vita vya Maji Maji hadi kwenye maandishi ya watawala wenyewe hana budi kuijua. Huko ndiko yaliko majalada ya Ofisi ya Makoloni ya Dola ya Ujerumani, yale yenye alama R 1001, ambamo serikali ya kikoloni ya Dar es Salaam iliwaarifu wakubwa wake wa Berlin juu ya kodi, pamba, vita na njaa. Mimi ni mwalimu wa historia kutoka Songea. Nimeketi katika chumba cha kusomea cha hapo, nimehudumiwa kwa adabu, na sina lalamiko lolote juu ya watumishi wake. Kinachonifanya niandike ni kiwanja chenyewe, pamoja na ukuta wake na lango lake, kwa sababu majalada yetu yamelazwa ndani ya kambi ya zamani ya jeshi la Marekani, na kambi hiyo ina habari zake ambazo msomaji wa Kiswahili hupita katikati yake asubuhi na jioni bila kuambiwa.

Historia ya mahali pale haikufichwa. Imeandikwa, tena na watu makini, ila imeandikwa hasa kwa Kijerumani kwa ajili ya wasomaji wa Kijerumani, na kwa kadiri nilivyosoma, waandishi hukaa sana kwa makadeti, yaani wanafunzi wa uofisa, wa Prussia, dola ya Kijerumani ya wakati ule, na kwa walinzi wa Hitler, kisha huyapita upesi yaliyofuata. Yaliyofuata ni Wamarekani. Tukihesabu miaka, makadeti walikaa pale miaka 42, kuanzia 1878 hadi 1920. Watu wa SS, yaani walinzi hao wa Hitler, walikaa 12. Wamarekani walikaa 49, kuanzia Julai 1945 hadi 1994. Aliyekaa muda mrefu kuliko wapangaji wengine wa kijeshi ndiye anayetajwa kwa maneno machache zaidi, na hilo peke yake lingetosha kumfanya mwanafunzi wa historia aulize.

Naomba niieleze kambi hii kwa namna ambayo ningewaeleza wanafunzi wangu wa kidato cha nne, ili ombi langu lieleweke linatoka wapi.

Mwanzo wake ni zawadi iliyomfilisi mtoaji. Johann Anton Wilhelm von Carstenn, mfanyabiashara wa ardhi aliyekuwa akiuza viwanja vya majumba ya kifahari Lichterfelde, alilipatia jeshi la Prussia eneo la kujenga chuo kikuu cha makadeti, akiamini kwamba wanajeshi wenye vyeo wakishahamia, bei ya viwanja vyake itapanda. Alibeba gharama nyingi mno za mradi huo na hatimaye mali yake ikaisha. Kaizari Wilhelm I aliweka jiwe la msingi mwaka 1873, na makadeti wakahamia mwaka 1878. Wapenzi wa reli wana sababu yao ya kuujua mtaa huu: tarehe 16 Mei 1881, kampuni ya Siemens ilizindua tramu ya kwanza ya umeme duniani iliyobeba abiria wa kawaida, na njia yake ya kilomita mbili na nusu hivi ilianzia kituo cha treni cha Lichterfelde ikaishia kwenye chuo hiki cha makadeti.

Kati ya wavulana waliolelewa pale kwa amri, gwaride na kengele, historia ya Ulaya inawakumbuka Manfred von Richthofen, rubani wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na Hermann Göring, aliyekuja kuwa mkono wa kuume wa Hitler. Historia yetu sisi ina jina lake jingine. Paul von Lettow-Vorbeck, aliyezaliwa mwaka 1870, alipitia vyuo vya makadeti vya Potsdam na Lichterfelde kabla ya kuwa ofisa. Huyu ndiye aliyeongoza jeshi la Kijerumani Afrika Mashariki kuanzia 1914, akalizungusha Tanganyika, Msumbiji na Rhodesia ya Kaskazini kwa miaka minne, akasalimisha silaha Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Kwao alipokewa kama shujaa asiyeshindwa. Kwetu wazee waliisimulia vita hiyo kwa chakula kilichochukuliwa ghalani, vijana waliofungwa kamba wakawa wapagazi, na njaa iliyofuata nyuma ya majeshi yote mawili. Sitaki kumlaumu mtoto wa miaka kumi na kitu kwa mambo aliyoyatenda akiwa mtu mzima wa miaka arobaini na kitu. Ninasema tu kwamba ofisa yule alifundwa katika kiwanja hichohicho ambacho sasa kinatunza maandishi ya koloni alilolipigania, na sikuona neno la Kiswahili linalomweleza mgeni kutoka Songea jambo hilo.

Mkataba wa Versailles ulikifunga chuo cha makadeti mwaka 1920, na kwa miaka kumi na mitatu majengo yakawa shule ya serikali. Mwaka 1933 yakachukuliwa na Leibstandarte, kikosi cha walinzi binafsi wa Hitler kilichoanza na watu wasiozidi mia na ishirini hivi chini ya Sepp Dietrich, kikakua hadi kuwa divisheni nzima ya vifaru. Katika siku zilizoanzia tarehe 30 Juni 1934, Hitler alipowageuka wenzake wa SA, jeshi la mgambo la chama chake, kambi hii ilikuwa mahali pa kupigia watu risasi. Karl Ernst, kiongozi wa SA wa Berlin, ni mmoja wa waliouawa pale.

Sasa nafika kwa Wamarekani, na hapa naomba uvumilivu wenu kidogo.

Tarehe 4 Julai 1945, siku ambayo Wamarekani huadhimisha uhuru wao, jeshi lao lilipokea rasmi eneo lake la Berlin kutoka kwa Wasovieti waliokuwa wameuteka mji miezi miwili kabla, na sherehe ya kupokezana, aliyohudhuria Jenerali Omar Bradley, ilifanyika katika kambi hii ya Lichterfelde, iliyokuwa bado ikijulikana kwa jina la Adolf Hitler. Baadaye wakaiita Andrews Barracks, kwa kumbukumbu ya Luteni Jenerali Frank Maxwell Andrews, kamanda wa majeshi ya Marekani Ulaya aliyekufa katika ajali ya ndege huko Iceland tarehe 3 Mei 1943. Ndivyo walivyofanya karibu kila mahali Ujerumani: walikuta kambi zilizojengwa na Wehrmacht, jeshi la Ujerumani la enzi ya Hitler, au na SS, zikiwa na mabweni imara, karakana, mazizi ya farasi na viwanja vya gwaride, wakang'oa tai na alama za chama, wakabandika majina ya wenzao waliofia vitani, wakahamia. Haikuwa falsafa, ilikuwa hesabu: siku vita ilipokwisha walikuwa na askari wapatao milioni 1.6 katika nchi ambayo miji yake mikubwa ilikuwa vifusi, na kambi ndiyo majengo yaliyokuwa yamejengwa kwa kazi hiyohiyo.

Hata hivyo, kuna mambo ambayo hesabu haiyafuti. Tarehe 17 Desemba 1944, katika mapigano ya Ardennes nchini Ubelgiji, watu wa divisheni ya Leibstandarte, yaani divisheni iliyokua kutokana na kikosi kilekile cha Lichterfelde, waliwapiga risasi mateka wa Kimarekani karibu na Malmedy. Waliokufa ni 84. Siku hiyohiyo, katika kijiji cha Wereth, askari weusi 11 wa kikosi cha mizinga cha 333, waliokuwa wamepewa hifadhi na familia ya wakulima, walichukuliwa na watu wa SS wanaohesabiwa kuwa wa divisheni hiyo, wakateswa na kuuawa. Kwa mauaji ya Malmedy kesi iliendeshwa Dachau mwaka 1946. Kwa mauaji ya Wereth uchunguzi ulifungwa bila mtu kushtakiwa. Miezi saba baada ya siku ile, jeshi la waliouawa lilikuwa linalala katika mabweni ya wauaji.

Na jeshi lile, Waheshimiwa, lilikuwa lenyewe limegawanywa kwa rangi. Askari weusi waliokuja kuing'oa serikali ya ubaguzi walikuwa na vikosi vyao, mabweni yao na vilabu vyao, na mara nyingi waliamriwa na maofisa weupe. Rais Truman alitia saini amri ya kukomesha ubaguzi jeshini tarehe 26 Julai 1948, lakini amri na utekelezaji ni vitu viwili: katika majeshi ya Marekani yaliyokuwa Ulaya kazi ya kuvunja vikosi vya rangi ilifanyika hasa kuanzia 1952. Kwa hiyo kuna wakati, ndani ya kuta za kambi za Hitler, ambapo askari mweupe na askari mweusi walianza kulala bweni moja na kula meza moja, miaka kadhaa kabla ya kuweza kuketi kwenye kiti kimoja cha basi huko Alabama. Colin Powell, aliyekuja kuwa mkuu wa majeshi na waziri wa mambo ya nje wa Marekani, alianza kazi ya uofisa katika kambi ya Gelnhausen mwishoni mwa miaka ya 1950, na baadaye alieleza kwamba kwa askari weusi, hasa wa kutoka kusini mwa Marekani, Ujerumani ilikuwa mahali pa kuvuta pumzi ya uhuru, maana huko mtu aliweza kwenda, kula na kutembea na amtakaye.

Nisiyapambe mambo. Ujerumani hiyohiyo ilikuwa na watoto elfu kadhaa waliozaliwa na mama wa Kijerumani na baba askari mweusi, na mwaka 1952 bunge la Ujerumani Magharibi huko Bonn liliwajadili kama tatizo; mbunge mmoja alifika hadi kusema kwamba hata hali ya hewa ya nchi haiwafai. Mabel Grammer, mwandishi wa habari Mmarekani mweusi aliyeishi Mannheim na mumewe mwanajeshi, aliwatafutia watoto wapatao 500 wa aina hiyo familia za kuwalea, na yeye mwenyewe akalea 12. Habari hizi nazo ni za kambi, ingawa hazikutokea kwenye kiwanja cha gwaride. Mtu anayesimulia kambi kwa majina ya majenerali tu anaacha nje ya lango mama waliosimama pale wakiulizia baba wa watoto wao amehamishiwa wapi.

Maisha ya Andrews Barracks yenyewe yalikuwa ya aina mbili, moja ya wazi na moja ya siri. Ya wazi ni ya kila kambi: kanisa, michezo, malipo ya mwisho wa mwezi, na bwawa kubwa la kuogelea la ndani lililojengwa kwa ajili ya SS mwishoni mwa miaka ya 1930, ambalo Wamarekani walilitumia kwa miongo na ambalo, baada ya matengenezo, lilifunguliwa mwaka 2014 kama bwawa la umma la jiji la Berlin. Watoto wa Lichterfelde hujifunza kuogelea humo leo, jambo jema, japo sijui kama mwalimu wao huwaambia maji yale yanajazwa katika chombo cha nani. Ya siri yalihusu vita baridi. Wanajeshi waliofanya kazi ya kunasa mawasiliano ya upande wa mashariki kwenye kilima cha Teufelsberg, kilichorundikwa kwa vifusi vya mji uliobomolewa, walikuwa na makao yao hapa. Na kikosi kidogo kilichoitwa Detachment A, kilichokuwa Berlin kuanzia 1956 hadi 1984, kilikaa ndani ya kambi hii kikiwa na watu waliovaa kiraia, waliofuga nywele na kuzungumza Kijerumani, ambao kazi yao, endapo Wasovieti wangevamia, ilikuwa ni kujichanganya na wakazi wa mji na kuharibu reli na mitambo nyuma ya adui. Mji wote ulikuwa kisiwa ndani ya Ujerumani Mashariki. Hakuna aliyetegemea kwamba brigedi moja ingeweza kuulinda kwa siku nyingi.

Tarehe 12 Julai 1994 Rais Clinton alihudhuria kukunjwa kwa bendera ya Brigedi ya Berlin katika kambi jirani ya McNair, iliyokuwa kiwanda cha Telefunken kabla ya kuwa kambi, na mwaka huohuo Wamarekani wakaondoka. Bundesarchiv ikaingia Lichterfelde. Ikaleta majalada ya makoloni, ambayo enzi za Ujerumani Mashariki yalikuwa Potsdam. Ikaleta pia zaidi ya kadi milioni 10 za wanachama wa chama cha Nazi, zilizokuwa zimetunzwa na Wamarekani wenyewe katika kituo chao cha nyaraka mtaa wa Zehlendorf hadi 1994. Kwa hiyo kadi za uanachama wa watu wa Hitler zimerudi kulala katika kambi ya walinzi wa Hitler, jirani na ripoti za Maji Maji, katika chuo alichosoma Lettow-Vorbeck, nyuma ya lango lililokuwa likilindwa na vijana wa Georgia na Ohio. Ningekuwa mtunzi wa riwaya nikabuni mpangilio huo, mhariri angenirudishia mswada.

Lichterfelde si peke yake. Wakati vita baridi inakaribia kwisha Marekani ilikuwa na wanajeshi kama 250,000 Ujerumani Magharibi, na leo wamebaki kiasi cha 35,000, hivyo mamia ya maeneo yalirudishwa na kila mji ukalazimika kuamua. Nuremberg, kambi ya SS iliyojengwa karibu na viwanja vya mikutano ya chama, ambayo Wamarekani waliiita Merrell kwa jina la askari aliyeuawa nje ya mji huo tarehe 18 Aprili 1945, ndiyo leo makao makuu ya ofisi ya shirikisho inayoshughulikia wahamiaji na wakimbizi, na uamuzi juu ya hatima ya Wasomali, Waeritrea na Wakongo wengi hupitia katika taasisi yenye makao humo. Bamberg, kambi ya Warner ilifanywa kituo cha waomba hifadhi mwaka 2015, na Heidelberg, nyumba za familia za wanajeshi za Patrick Henry zimetumika kupokea wakimbizi. Mannheim wamejenga mtaa mpya mahali pa Benjamin Franklin Village, na Spinelli wakapafanya bustani ya maonyesho mwaka 2023. McNair ni nyumba za kupanga. Nyingine bado zinafanya kazi: Kelley Barracks ya Stuttgart, nayo ya enzi ya Hitler, ndiyo makao ya kamandi ya jeshi la Marekani inayoshughulikia Afrika, na nadhani Waafrika wengi wangeshangaa kujua kwamba mambo yao ya kijeshi hupangwa kutoka kwenye kilima cha Württemberg.

Miji mingine imejua la kufanya na kumbukumbu. Heidelberg wana kituo chenye jina la Mark Twain kinachosimulia miaka ya Wamarekani, na Berlin yenyewe ina Jumba la Makumbusho la Washirika, lililofunguliwa 1998 katika jumba la sinema la wanajeshi wa Kimarekani huko Dahlem. Hamburg, kwa upande mwingine, inatufundisha jinsi jambo linavyoweza kwenda mrama: sanamu za ukutani za askari wa Kiafrika, zilizotengenezwa enzi ya Hitler kwa kambi iliyobeba jina la Lettow-Vorbeck, zilikusanywa mwaka 2003 katika bustani ndogo ikapewa jina la Tanzania, na mabishano juu yake hayajaisha, kwa sababu sanamu za kumtukuza mkoloni hazigeuki kuwa udugu kwa kubandikwa jina la nchi yetu.

Kuna kisa kimoja cha kiwanja cha Lichterfelde ambacho ndicho kilichonisukuma hasa kushika kalamu. Mwaka 1862 Wadenmark walisimamisha mjini Flensburg simba mkubwa wa shaba, kazi ya mchongaji Herman Wilhelm Bissen, kukumbuka ushindi wao wa Isted wa 1850. Miaka miwili baadaye Prussia na Austria zikaishinda Denmark na kulichukua jimbo la Schleswig, uliko mji wa Flensburg, simba akaondolewa Flensburg, akapelekwa Berlin, na kuanzia 1878 akasimamishwa katika uwanja wa chuo cha makadeti, ili wavulana wale wamwone kila siku wajue mshindi ni nani. Akawepo enzi ya Kaizari, akawepo enzi ya SS, hata risasi za 1934 zilipolia alikuwepo. Mwaka 1945, Wadenmark walipoomba, Wamarekani kwa idhini ya Jenerali Eisenhower wakampakia simba na kumpeleka Copenhagen, na mwaka 2011, kwa makubaliano ya pande zote mbili, akarudi Flensburg kwenye makaburi alipotoka.

Tazameni muda uliotumika. Vita ilikuwa imekwisha miezi tu, mji hauna maji wala mkate, na bado ulipatikana muda wa kurudisha nyara iliyokuwa imechukuliwa miaka themanini nyuma. Hapakuundwa kamati ya kuchunguza asili ya kitu kwa muongo mzima. Sisemi uchunguzi haufai. Mabaki ya wazee wetu yaliyo katika makabati ya Berlin yanahitaji kutambuliwa kwa uangalifu, na familia za Kilimanjaro zilizopata majibu ya vinasaba mwaka 2023 zinajua thamani ya kazi hiyo. Ila mtu akiniambia kwamba kurudisha ni jambo jipya na gumu, nitamwelekeza kwenye uwanja wa Finckensteinallee, nimwonyeshe mahali aliposimama simba.

Maombi yangu kwenu, Waheshimiwa wa Bundesarchiv, ni ya gharama ndogo. Naomba kwanza kwamba kwenye lango, au katika ukumbi ambamo wasomaji hufungua makabati yao ya mizigo, historia nzima ya kambi isimuliwe kwa wageni, wapangaji wote wa kijeshi wakipewa nafasi inayolingana na miaka yao na matendo yao, na kwamba Kiswahili kiwe mojawapo ya lugha za maelezo hayo pamoja na Kijerumani na Kiingereza. Kiswahili hakitakuwa hisani: ni lugha ya wajukuu wa watu wanaotajwa ndani ya majalada mnayoyatunza. Naomba pia mwongozo mfupi wa Kiswahili wa namna ya kutafuta ndani ya R 1001. Ni kweli majalada hayo yamewekwa kwenye mtandao na mtu anaweza kuyafungua akiwa Songea, nami nawashukuru kwa hilo kwa dhati. Lakini mtu asiyejua kwamba jalada la njaa ya Ungoni linaweza kuwa limeandikwa chini ya kichwa cha utawala au cha fedha atafungua mlango asione chumba.

La tatu linahusu wazee. Askari aliyelala Andrews Barracks akiwa na miaka ishirini mwaka 1955 ana miaka tisini au zaidi leo, na vivyo hivyo mpishi, dobi, fundi wa magari na karani wa Kijerumani waliokuwa wakiingia kambini kila asubuhi na kitambulisho mkononi. Pamoja na Jumba la Makumbusho la Washirika mnaweza kuwarekodi waliobaki, na naomba askari weusi watafutwe kwa makusudi, kwa sababu bila makusudi hawataonekana: karatasi za jeshi zinaandika namba ya kikosi na cheo, hazisimulii siku ya kwanza mtu alipoingia baa ya Kijerumani akahudumiwa mezani kama wengine, wala siku alipofukuzwa na askari wenzake weupe kutoka baa ya mtaa wa pili.

Kwenu, Waheshimiwa wa Idara yetu ya Kumbukumbu na Nyaraka, neno langu ni la mtoto wa nyumbani. Nusu nyingine ya mazungumzo haya iko Dar es Salaam, katika majalada ya serikali ya Kijerumani iliyoyaacha ilipokimbia, ambayo wataalamu wa Kijerumani walisaidia kuyapanga miaka ya 1960. Ripoti iliyopelekwa Berlin iko kule, na barua iliyoizaa mara nyingine iko kwetu. Vijana wanaoweza kuusoma mwandiko wa Kijerumani wa zamani, ule wa kalamu iliyolala, ni wachache mno nchini, na wale tulionao walijifunza kwa jitihada zao binafsi. Naomba mkubaliane na Bundesarchiv kuhusu mafunzo ya kila mwaka, watu kumi tu, miezi mitatu Lichterfelde na mitatu Dar es Salaam. Nasi tuna majengo yetu ya aina hii. Maboma ya Kijerumani ya Bagamoyo, Mwanza na kwingineko yalijengwa na maofisa waliotoka vyuo kama vile vya makadeti, yakarithiwa na Waingereza, yakarithiwa nasi, na raia anaingia humo kuulizia hati ya kiwanja bila kibao cha kumwambia nani alifungwa chumba gani. Tukiwadai Wajerumani kibao, na sisi tuanze kuvitundika vyetu.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alisimama Songea, hatua chache kutoka makaburi ya mashujaa walionyongwa mwaka 1906, akaomba msamaha. Nilikuwa na wanafunzi wangu siku zile tukijadili maneno yake, na mmoja akaniuliza kama huko Ujerumani wana mahali ambapo mtu anaweza kusoma yaliyotendwa. Nilimjibu kwamba papo, na anwani nikaiandika ubaoni. Akauliza tena: pakoje? Wakati ule nilikuwa sijafika, sikuwa na jibu.

Nimeandika rasimu ya Kiswahili ya kibao cha langoni, maneno mia tatu hivi, kuanzia Carstenn na viwanja vyake hadi majalada yetu, na walimu wenzangu wawili wameipitia. Nitaituma kwa ofisi zote mbili pamoja na barua hii. Ikatwe, irekebishwe, hata ikataliwe na kuandikwa upya na anayejua zaidi, mradi simba wa Flensburg asiondolewe ndani yake.

Wenu mtiifu,

Mwalimu wa historia, Songea